Hiyo Mnayoiita FIFA ya Bandia

Kauli hii imezoeleka, na hapa Kamina, kusini mwa Kongo, inatamkwa kwa uhakika uleule wa Lubumbashi, Kinshasa au Dar es Salaam: ile michezo ya video ya Kombe la Dunia ambayo kampuni ya EA ilikuwa ikiitoa pembeni ya FIFA ya kila mwaka haikuwa michezo ya kweli. Ilikuwa FIFA ya mwaka uliopita iliyovishwa jezi za taifa, ikapakwa rangi za nchi mwenyeji, ikarudishwa sokoni kwa bei kamili. Mwenye akili, wanasema, alisubiri toleo la Septemba. Anayejaribu kuitetea huulizwa kama EA inamlipa.

Silipwi na mtu. Nitaitetea hata hivyo, hasa ile miwili ya mwisho, ya Afrika Kusini 2010 na ya Brazili 2014. Na nitaitetea nikiwa hapahapa Kamina, kwa sababu hoja nyingi zinazotumika kuiponda zilitungwa na watu ambao FIFA ya kawaida ilikuwa imewapa kila kitu. Zikatufikia zimekwisha kuiva, tukazimeza bila kuuliza kama zinatuhusu.

Nianze na wanachokisema sawasawa, maana kipo. Toleo la 2014 lilitoka Aprili, miezi kama saba tu baada ya FIFA 14. Lilitoka kwa PlayStation 3 na Xbox 360 peke yake, wakati PlayStation 4 na Xbox One zilikuwa madukani tangu Novemba 2013. Mbio za wachezaji, mdundo wa mpira, namna beki anavyogeuka: vyote vilikuwa vya FIFA 14, vikiwa vimerekebishwa hapa na pale. Klabu hakuna hata moja. Kununua na kuuza wachezaji hakuna. Na fainali ya Julai ilipokwisha, diski ikawa kama kalenda ya mwaka jana ukutani. Kijana wa Manchester aliyetoa bei ya mchezo mzima mara mbili ndani ya msimu mmoja ana haki ya kunung'unika, nami sina la kumwambia.

Ila hasara hiyo ilimpata yeye. Sisi je?

Hapa mchezaji hanunui diski. Analipa kwa mechi. Anaingia kwenye chumba chenye runinga mbili tatu, jenereta ikinguruma nje umeme unapokatika, anatoa faranga zake, anapewa maneti ya kuchezea, anacheza, akifungwa anampisha anayesubiri. Diski, au mashine yenyewe ikiwa imekwisha kufunguliwa na mafundi, imefika na mizigo kutoka Lubumbashi. (Uhalali wake una makala yake, si hii.) Faranga anazotoa kwa mechi ya FIFA 14 ndizo anazotoa kwa mechi ya Kombe la Dunia. Kwa hiyo neno lile kubwa kuliko yote, kwamba EA ilituibia kwa kutuuzia kitu kimoja mara mbili, hapa halina pa kushika. Hakuna aliyeuziwa mara mbili. Lakini ingia chumba chochote kati ya hivyo useme uwekewe Kombe la Dunia, utasikia kijana ambaye hajawahi kununua diski maishani mwake akilalamikia bei.

Neno la pili ni la klabu. Mchezo wa mpira bila klabu, wanasema, ni nusu mchezo. Klabu zipi? Mwaka 2013, FIFA 14 ilipotoka, TP Mazembe walikuwa wamechukua ubingwa wa Afrika 2009 na 2010. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, waliwafunga Internacional ya Brazili 2–0, kwa magoli ya Kabangu na Kaluyituka, wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Fainali walipigwa 3–0 na Inter Milan, sawa. Lakini kipa wao Kidiaba akirukaruka kwa makalio kwenye nyasi alionekana dunia nzima. Sasa fungua FIFA 14 umtafute Mazembe. Hayupo. Mtafute V.Club, mtafute Lupopo. Hawapo. Ila daraja la nne la Uingereza lipo lote, na ndani yake yupo Accrington Stanley, klabu ya mji mdogo wa Lancashire ambao Kamina inaumeza na kubakiwa na nafasi. Makipa wake wamo, mabeki wake wamo, majina yao yamo.

Hiyo ndiyo FIFA ya kweli. Klabu ambazo mchezaji wa Kamina alizikosa kwenye toleo la Kombe la Dunia zilikuwa Barcelona, Chelsea na wenzao, na hao angewapata kesho yake kwa kubadilisha diski. Alichokipata kwenye toleo hilo hakukuwa na diski ya FIFA 14 iliyoweza kumpa. Toleo la 2010 lilikuwa na timu za taifa 199. La 2014 lilikuwa na 203, yaani kila nchi iliyoshiriki mechi za kufuzu, iwe ilifika Brazili au ilitolewa siku ya kwanza. Burundi, ambao Lesotho iliwatoa raundi ya kwanza kabisa, walikuwemo. Taifa Stars walikuwemo, Harambee Stars, Cranes wa Uganda, Amavubi wa Rwanda. Na Léopards wa Kongo walikuwemo, waliokuwa wameitoa Swaziland kisha wakaishia kwenye kundi la Kameruni, Libya na Togo.

Mtu asiyeelewa uzito wa jambo hilo hajawahi kukaa nyuma ya mtoto anayechagua timu. Kwenye FIFA 14 bendera zinapita, anabonyeza kulia, anabonyeza kulia, zinarudi zilikoanzia. "Yaya, Kongo iko wapi mu ii jeu?" Unamjibu haipo. Anachukua Ufaransa, au Ubelgiji, kwa kuwa amesikia fulani aliyezaliwa na mama wa Kinshasa anacheza kule, na anazoea tangu siku hiyo kwamba kwa njia yetu wenyewe hatufiki, tunafika kwa mlango wa jirani. Kwenye lile toleo la pembeni anabonyeza kulia mara nyingi zaidi, orodha ni ndefu, mpaka inatokea ile ya bluu ya mbingu yenye mshazari mwekundu uliozungushiwa njano. Kelele zinazofuata hazihitaji maelezo.

Katika chumba kimoja hapa mjini paliwahi kuwa na kanuni isiyoandikwa: fundi ndiye anayechukua Kongo. Anayejifunza apewe Hispania au Ujerumani, kwa kuwa Hispania inajichezea yenyewe. Pasi inafika hata ukibonyeza ovyo. Ukiwa na Kongo ya mchezo huo, pasi ya mita ishirini inapotea njiani. Beki wako akigeuka, mshambuliaji wa Hispania amekwisha kupita. Kwa hiyo fundi hacheki na pasi ndefu. Anauweka mpira chini, anacheza fupifupi kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, hapeleki mabeki wake mbele, anasubiri. Anabana katikati, hakimbilii mpira kwa kitufe cha kukaba, maana akikurupuka tu amepitwa. Anarudi nyuma na kumfuata mtu. Dakika ya themanini bado ni sifuri kwa sifuri na aliyeshika Hispania ameanza kutoka jasho. Penalti zikifika, kuna kile kimstari kinachokwenda huku na huku haraka, nawe inabidi ukisimamishe kwenye kijani. Na hapo Kongo na Hispania karibu wanalingana, kwa sababu kinachopimwa ni kidole chako. Nimewaona watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, wakimwomba mwenye chumba azime feni ili mkono usitetemeke.

Kuna wanaosema huo ni uongo: Kongo haiwezi kuifunga Hispania, hivyo mchezo unaoruhusu hayo haufanani na mpira. Sitabishana nao juu ya Hispania. Nitawauliza tu kuhusu Accrington Stanley. Ndani ya FIFA ya kawaida mtu anachukua klabu ya daraja la nne, anaipandisha mwaka baada ya mwaka, anaishia kunyanyua Kombe la Mabingwa wa Ulaya, na hilo linaitwa safari, linaitwa ndoto, watu wanarekodi na kuoneshana. Hakuna aliyewahi kuliita uongo. Ndoto inaonekana ina kibali cha kusafiria. Ya Lancashire inapita, ya Kamina inarudishwa mpakani.

Nikiwa kwenye ubishi huu nina ugomvi pia na upande wangu. Wapo walioyapenda matoleo haya, na walikuwa wengi kuliko wapinzani wanavyokubali. Lakini ukiwauliza kwa nini, wanakutajia karatasi za rangi zinazomwagika uwanjani, makocha wanaoonekana pembeni ya mstari, shangwe za majukwaani, vipindi vya redio vinavyozungumza kati ya mechi na mechi kwenye lile la 2014. Mapambo. Wanautetea mchezo kwa vile ulivyovaa vizuri, na hapo wanampa mpinzani ushindi, kwa sababu mpinzani anasema hivyohivyo: ni mavazi tu. Kama thamani yake ingekuwa karatasi za rangi, basi waliouponda wangekuwa sahihi, na mimi ningekwenda kulala.

Thamani yake ilikuwa kwenye orodha ya timu. Angalia historia ilivyokwenda. FIFA ya kwanza, ya 1993, ilikuwa ya timu za taifa tupu. Klabu zilikuja baadaye. Mwaka 1997 ikatoka ile iliyoitwa Road to World Cup 98, toleo la kawaida kabisa la mfululizo, na ndani yake mlikuwa na timu zote za taifa zilizosajiliwa na FIFA. Kwa hiyo mtu akiniambia shina lenyewe, FIFA ya kila mwaka, liliwahi kutubeba, namkubalia. Liliwahi. Kisha likatushusha. Ligi zikaongezeka, haki za klabu zikanunuliwa, viwanja vikachorwa hadi viti, na timu za taifa zikapungua mpaka zikabaki zile ambazo mnunuzi wa Ulaya angeweza kuzitaka. Siilaumu EA kwa kufuata wateja wake. Nasema tu kwamba kilichoitwa moyo wa mfululizo kiliwahi kuwa na sisi ndani, na kwamba tulipotolewa hakuna shabiki aliyeandika kuwa mchezo umepoteza uhalisi wake.

Matoleo ya pembeni nayo hayakuanza vizuri, na sitayasifia kwa kuwa ya pembeni tu. World Cup 98 ilikuwa na zile 32 zilizofika Ufaransa na wengine wachache. Kwetu ilikuwa nyembamba kuliko FIFA iliyoitangulia. Ya 2002 vilevile. Ndipo mambo yakageuka: 2006 timu 127, 2010 timu 199, 2014 timu 203. Wakati shina linazidi kuchagua, tawi lilizidi kupanuka. Anayepima tawi kwa kulilinganisha na shina, akihesabu lilichokosa, hawezi kuliona hilo, kwa sababu kipimo chake kimekwisha kuamua kwamba kilichomo kwenye shina ndicho mpira, na kinachozidi ni ziada.

Niseme na kasoro ambayo wapinzani hawaitaji, kwa kuwa wao hawakuwahi kuichagua Kongo. Nyuso nyingi za wachezaji wa timu ndogo zilikuwa za jumla, za kiwandani, zile ambazo ungeweza kumpa mtu yeyote. Watangazaji wa Kiingereza, Clive Tyldesley na Andy Townsend, walikuwa na mengi ya kusema juu ya Wayne Rooney kuliko juu ya beki wetu wa kulia. Uwezo wa wachezaji wetu ulipimwa na mtu ambaye, kwa kuangalia namba zake, sidhani kama aliwahi kukaa hata nusu saa mbele ya mechi ya Mazembe. Kasoro hizo ni za kweli na zinauma. Lakini zinamuuma aliye ndani ya nyumba. Mtu anaweza kulalamika kwamba sura yake imechorwa vibaya pale tu inapokuwa imechorwa.

Na sura yetu katika Kombe la Dunia, tusisahau, ilikwisha kuchorwa na wengine kabla EA haijazaliwa. Mwaka 1974 Zaire, yaani Kongo ya wakati huo, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Ikafungwa 2–0 na Uskoti, 9–0 na Yugoslavia, 3–0 na Brazili. Na katika hiyo mechi ya Brazili, Gelsenkirchen, mwamuzi alipopuliza ili Wabrazili wapige mpira wa adhabu, Mwepu Ilunga akatoka kwenye ukuta wa wachezaji na kuupiga yeye, mbali kabisa. Watangazaji wa Ulaya wameicheka picha hiyo miaka nenda miaka rudi: Mwafrika asiyejua kanuni. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba kanuni alizijua vizuri sana. Alikuwa na hasira yake na wakubwa wake. Mchezaji wa Englebert huyo, Mazembe ya leo, bingwa wa Afrika, hajui kanuni! Ukiuliza kijana wa Ulaya Kongo imewahi kufanya nini katika Kombe la Dunia, atakutajia teke lile. Kijana wa Kamina aliyeshika maneti mwaka 2014 alikuwa na kitu kingine cha kutaja, hata kama kilitokea chumbani, mbele ya watu kumi na wawili waliobanana kwenye benchi.

Sasa tufike kwenye ushindi wa wapinzani, kwa sababu walishinda. Baada ya 2014 EA haikutoa tena mchezo kamili wa Kombe la Dunia. Mwaka 2018, mwishoni mwa Mei, ikatoa nyongeza ya bure ndani ya FIFA 18. Shangwe zilikuwa kubwa. Hatimaye, walisema, wameacha kutuibia. Mwaka 2022 ikawa vivyo hivyo ndani ya FIFA 23. Mwaka uliofuata EA na FIFA walikuwa wamekwisha kuachana. Mchezo ukaitwa EA Sports FC, na jina la FIFA likabaki kwa shirikisho lenyewe, lenye wanachama 211. Sisemi EA iliacha kwa kuwasikiliza mashabiki. Kampuni ile husikiliza hesabu zake, na siku hizo hesabu zilikuwa zinasema pesa iko kwenye kadi za wachezaji zinazouzwa ndani ya mchezo. Ninachosema ni kwamba mashabiki walipiga makofi. Na waliopiga makofi ni wale ambao nyongeza ya bure haikuwapunguzia kitu.

Kwa maana bure hiyo iliacha mechi za kufuzu. Matoleo ya 2010 na 2014 yalikuwa na sehemu iliyokurudisha kwenye mechi za kweli za kufuzu, pale zilipoharibika au zilipookolewa, ukapewa dakika zilizobaki uone kama ungefanya vingine. Sasa kumbuka Kinshasa, tarehe 5 Septemba 2017. Kongo na Tunisia, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la 2018, Kundi A la Afrika. Siku chache kabla, kule kwao, Tunisia walikuwa wametufunga 2–1. Kinshasa tulikuwa mbele 2–0, na katika kipindi cha pili Tunisia wakarudisha yote mawili. Novemba tukaifunga Guinea 3–1, na haikusaidia, kwa kuwa Tunisia walitoka sare na Libya na sare iliwatosha. Tunisia pointi 14, Kongo 13. Pointi moja.

Kama kuna mechi iliyostahili kuwekwa mikononi mwa kijana wa nchi hii, na saa ya uwanjani ikiwa imebakiza dakika chache, na matokeo yakiwa 2–0, ni hiyo. Asingehitaji kuelezwa inahusu nini. Kila nyumba iliyokuwa na redio siku ile iliisikia. Badala yake tukapewa zawadi, na wenzetu wakatuambia tushukuru kwa kuwa hakuna aliyelipa. Nilimsikia mmoja akisema kwa msisitizo kabisa kwamba toleo la 2018 ndilo bora katika historia ya matoleo ya Kombe la Dunia, kwa vile kila kilicho muhimu kimo. Basi achukue hiyo nyongeza aliyopewa bure atafute Kundi A la Afrika. Atampata Tunisia, ambaye nampongeza, alifuzu kihalali. Libya hayupo, Guinea hayupo, na sisi hatupo.